USALAMA NYUMBANI: UKUTA USINYWE MAJI

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama walinzi wa nyumba,

Tarehe 11 Septemba 2020, baada ya mvua kubwa, mashimo ya dhahabu yaliporomoka hapa Kamituga na watu wengi wakafa. Kila mchimbaji anajua kwamba udongo ulioshiba maji hauna nguvu. Lakini tukitoka kazini tunasahau kwamba ukuta wa nyumba nao ni udongo. Ukinywa maji unaweza kuanguka usiku, watoto wakiwa wamelala.

Maji huingiaje?

Panahitajika mambo matatu: maji yenyewe, njia ya kupita, na nguvu ya kuyasukuma. Nguvu hiyo ni upepo, au uzito wa maji yanapotelemka. Tena udongo huyafyonza kutoka chini, kama utambi wa taa unavyofyonza mafuta. Ondoa jambo moja kati ya hayo, ukuta utabaki mkavu.

Lifanyike nini?

1. Paa litokeze nje ya ukuta sentimeta 60 au zaidi.
2. Msingi wa mawe uinuke sentimeta 30 juu ya ardhi, ili matone yanayoruka yasiufikie udongo.
3. Chimba mfereji upande wa mlima, maji yapite mbali na nyumba.
4. Usirundike udongo, kuni wala takataka ukutani.
5. Ziba ufa ungali mdogo, kwa udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa.

Jihadhari na simenti

Ukitaka kupaka simenti juu ya ukuta wa miti na udongo, fikiri kwanza. Simenti hupasuka, maji hupenya katika nyufa, kisha hayapati pa kutokea. Nje ukuta ni mzuri, ndani miti inaoza. Katika maghorofa ya mijini ziko kuta za kioo zisizobeba jengo, bali zimetundikwa kama pazia. Hata huko mafundi huacha vitundu chini ya fremu ili maji yaliyopenya yatoke. Anayeviziba hujiletea uvujaji.

Dalili za hatari

Ukuta ukivimba, ukiinama, au ukibonyea kwa kidole, ondoa watoto katika chumba hicho leo hii, kisha mwite fundi. Usingoje mvua iishe.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi tunaongeza: yape maji njia yao nje, yasije yakajitafutia njia ndani ya nyumba yako.