MFALME ALIYETAKA BUSTANI YA MBOGA

Karatasi hii labda umepewa ukiwa unapita tu, unatoka soko la Kilombero, au umekaa stendi unasubiri gari la Usa River. Usiitupe. Mimi si mtu wa shule nyingi. Niliishia darasa la saba, baadaye nikasoma kozi ya Biblia. Lakini neno ninalokuletea nalijua vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe lilinikamata. Nipe dakika kumi.

Leo sikuhubirii habari ya pombe wala disko. Hayo umeshayasikia mpaka umechoka. Nataka tuzungumze juu ya TAMAA na UBINAFSI. Wala si tamaa ya majambazi. Nasema ile ya mtu wa kawaida, anayesalimia watu vizuri na kujiona hana neno.

MFALME AGOMA KULA

Soma mwenyewe 1 Wafalme sura ya 21. Kulikuwa na mfalme wa Israeli jina lake Ahabu, makao yake Samaria. Huyu bwana hakuwa maskini. Alijijengea mpaka nyumba ya pembe za ndovu (1 Fal. 22:39). Huko Yezreeli nako alikuwa na jumba, na ubavuni mwa jumba hilo palikuwa na shamba la mizabibu la raia mmoja, Nabothi. Ahabu akalitaka.

Unajua alilitakia nini? Si ngome ya kulinda nchi. Alitaka alifanye bustani ya MBOGA, kwa sababu lilikuwa karibu na nyumba yake (mstari wa 2). Mboga, jamani! Mfalme mzima!

Na tusimwonee, mwanzoni alikwenda kistaarabu kabisa. Alimwambia Nabothi nitakupa shamba jingine zuri kuliko hili, au ukipenda nikulipe fedha. Nabothi akakataa. Hakuwa anapandisha bei. Lile lilikuwa urithi wa baba zake, na torati ilikuwa imesema ardhi ni mali ya Mungu, isiuzwe moja kwa moja (Law. 25:23). Mtu wa mlimani hapa Meru halihitaji somo hili, maana makaburi ya babu zake yako katikati ya migomba, anayapita kila akienda kukata ndizi.

Basi Ahabu akarudi nyumbani amenuna. Akajitupa kitandani, akageuza uso, akagoma kula. Hebu mwangalie! Ana majumba, ana magari ya farasi, ana jeshi, ana mashamba ambayo hata hajui mipaka yake. Lakini siku hiyo vyote havionekani. Macho yake yanaona kipande kimoja tu, cha jirani. Ndivyo tamaa inavyomfanya mtu. Hata ulivyonavyo huvioni tena.

BARUA NA MUHURI

Mkewe Yezebeli akaja, akamwuliza una nini. Akamwambia inuka ule, shamba nitakupatia mimi. Sasa soma pole pole hapa. Hakuna mahali Ahabu anauliza, "Utalipataje?" Barua zikaandikwa kwa jina lake, muhuri wake ukagongwa, na yeye amenyamaza. Wako watu wengi wa namna hiyo. Mkono wake ni msafi, ila muhuri ni wake.

Barua zilisema nini? Tangazeni kufunga, mkamketishe Nabothi mbele ya watu, kisha waleteni watu wawili wabaya waseme amemtukana Mungu na mfalme. Wazee wa mji wakafanya hivyo hivyo. Nabothi akatolewa nje ya mji, akapigwa mawe, akafa. Na ukisoma 2 Wafalme 9:26 unaona na watoto wake hawakubaki.

Ona jinsi jambo lilivyopangwa likapangika. Barua ipo. Muhuri upo. Wazee wapo, mashahidi wawili kama torati inavyodai, mpaka mfungo wa dini upo! Kilichokosekana ni haki tu.

NGARENANYUKI, 1951

Usiseme hayo ni mambo ya Wayahudi wa kale. Panda uende Ngarenanyuki, upande wa mashariki wa mlima wetu. Wakati wa Waingereza ilitolewa ripoti ya jaji mmoja, Wilson, kwamba ardhi kati ya Meru na Kilimanjaro ipangwe upya ili walowezi wa Kizungu wapate eneo moja la mfululizo la kufugia. Kumbuka walowezi walikuwa tayari na mashamba makubwa chini huku. Hayakutosha. Novemba 1951 serikali ikaingia Ngarenanyuki na askari. Watu kama 3,000 wakaondolewa ili yapatikane mashamba 13 ya Wazungu. Nyumba zikachomwa moto, ng'ombe wakaswagwa, watu wakapelekwa upande wa Kingori. Fidia ilitajwa, Wameru wakaikataa, neno lile lile la Nabothi. Na yote yalifanyika kwa karatasi zenye muhuri.

Watu wakachangishana, mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York kwenye Umoja wa Mataifa, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, akaeleza mbele ya dunia. Alisikilizwa, lakini ardhi haikurudi mwaka ule. Ilikuja kurudi baadaye, na leo Ngarenanyuki wanalima Wameru wenyewe, nyanya na vitunguu.

Tukisikia habari hii damu inachemka. Ni haki ichemke. Lakini kijana, nikuulize swali. Walowezi wale wameshaondoka. Je, kitanda cha Ahabu kimebaki kitupu?

Mimi naona kina watu. Mji wa Arusha umepanda mpaka mashambani. Ngaramtoni, Tengeru, Usa River, kila mahali dalali anapita anauliza kiwanja. Na sasa anayegoma kula si mfalme. Ni kijana wa miaka ishirini na mbili, amenuna chumbani, anamwambia baba yake uza kipande nipate mtaji. Baba akikataa anaitwa mchawi. Ndugu wa tumbo moja wanapelekana barazani kwa ajili ya hatua nne za mpaka. Mjane anaambiwa na mashemeji afungashe. Hakuna Mzungu hapo. Ni sisi kwa sisi.

NA MIMI NILIKUWEPO

Sasa nikuambie yangu, maana si vizuri kunyoosha kidole tu. Wakati huo nilikuwa nimeshaokoka, tena nahubiri.

Baba yetu alituachia shamba la kahawa na migomba, si kubwa. Dada yangu mkubwa ndoa ilimshinda, akarudi nyumbani na watoto wawili. Mama akampa kona ya chini, karibu na mfereji. Akapanda mnavu, figiri na sukuma wiki, na siku za soko Jumatano na Jumamosi anabeba kichwani mpaka Tengeru. Watoto wakala, wakaenda shule.

Mimi nikaipenda kona ile. Akatokea mtu wa mjini anatafuta mahali pa kujenga, akasema bei, nikapiga hesabu ya pikipiki. Na sikiliza jinsi nilivyojidanganya: nikasema ni pikipiki ya kuhubiria Injili vijijini! Yezebeli alitangaza kufunga, mimi nikatangaza huduma. Nikamwambia mjomba kwa mila yetu binti harithi, kwa hiyo hapo hakuna wa kuulizwa. Nilijua fika kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Nikanyamaza. Nikapokea advansi. Mama hajui kusoma, nikamwambia karatasi hii ni ya mipaka tu, mama, weka dole gumba hapa. Akaweka. Ilibaki muhuri.

Jioni ile dada yangu alinipakulia ugali na mnavu wa kona ile ile. Hakuwa na habari yoyote. Ungetegemea nikuambie nilishindwa kumeza. Hapana. Nilikula, nikaongeza.

Kilichonipata kilinipata Ijumaa. Nilikuwa nimepangiwa kufundisha vijana Jumapili, na somo lilikuwa hili hili la Nabothi. Nimekaa na taa yangu nasoma, nimefika mstari wa pili tu, nikakutana na lile neno: mboga. Nikafunga Biblia. Nikaifungua, lipo pale pale. Ahabu alipotelemka kwenda kulimiliki shamba, Eliya alimkuta huko huko, na swali lake moja, umeua kisha umerithi? Mimi Eliya wangu alinikuta chumbani.

Nikaenda kumwamsha mama usiku ule, nikamweleza karatasi ilikuwa ya nini. Alikaa kimya sana. Kisha akasema, "Mwanangu, kidole changu uliazima." Asubuhi nikaichana mbele ya mjomba. Advansi nilikuwa nimeshaila nusu, ikanichukua zaidi ya mwaka kuirudisha, nikifanya vibarua kwenye mashamba ya maua. Pikipiki sina mpaka leo, natembea.

NABOTHI WAKO BADO YU HAI

Nimalizie habari ya Ahabu, wengi huwa hawafiki huku. Aliposikia maneno ya Eliya alirarua nguo zake, akavaa gunia, akafunga, akatembea kwa upole. Na Mungu aliliona hilo, akamwahirishia hukumu (mistari ya 27 hadi 29). Ahabu yule! Kwa hiyo usiniambie wewe umeshaharibika sana, Mungu hawezi kukusikia. Zungumza naye sasa hivi, kwa maneno yako mwenyewe, hapo ulipo, hata kama hujawahi kuingia kanisani.

Ila machozi ya Ahabu hayakumfufua Nabothi. Wewe una nafasi ambayo yeye hakuwa nayo. Huyo baba unayemsumbua yupo, umemwacha nyumbani asubuhi. Huyo dada yupo, huyo shemeji mjane yupo. Kama karatasi haijagongwa muhuri, ichane leo, usingoje mkutano uishe. Kama imeshagongwa, nenda kwa mzee wa ukoo, nenda Baraza la Kata, ukaseme kweli mbele ya watu wale wale uliowadanganya. Utaona aibu. Mimi niliona. Na usitegemee watakukumbatia siku hiyo hiyo.

Dada yangu nilipomwambia aliniangalia tu. "Nimesikia, mdogo wangu," akasema, akaendelea kuchuma. Hata sasa nikikatisha kwenye kona yake kwenda mferejini huinua kichwa, akaitazama miguu yangu ninapokanyaga. Namwacha aitazame.