Kona ya Dada: Roboti ya Magurudumu Matatu Inataka Mpimaji

Swali la mwezi huu limetoka kwa nahodha wa klabu ya roboti ya shule moja ya wasichana:

"Shikamoo dada. Klabu yetu ina mota nne za aina moja na magurudumu matatu ya omni tuliyoachiwa na dada zetu waliomaliza kidato cha nne. Tunataka kujenga chasisi inayokwenda pande zote bila kugeuka. Mwalimu anasema tutafute magurudumu manne ya kawaida, tuache kutaka makuu. Tumsikilize, au tuendelee?"

Marahaba, wadogo zangu. Jibu langu kwa kifupi: endeleeni, ila kwa masharti. Na sharti la kwanza ni kumwelewa mwalimu kabla ya kumbishia, kwa sababu hoja anayo.

Chukulieni kwamba kila mota inasukuma kwa nguvu ya kiasi cha 1. Roboti ya magurudumu manne ya kawaida ikienda mbele, mota zote zinasukuma upande mmoja, kwa hiyo nguvu ni 4. Yenu ya matatu ikienda mbele, gurudumu la nyuma halichangii kitu, na yale mawili ya mbele yamekaa mshazari, hivyo kila moja linatoa 0.866 tu ya nguvu yake. Jumla ni 1.73. Ikienda ubavuni bila kugeuka inafika 1.5. Mkikutana uwanjani na roboti ya kusukumana, mtaburuzwa mchana kweupe.

Kwa hiyo fungueni kanuni za mashindano yenu leo hii, mtazame pointi zinatoka wapi. Kama zinatoka kwenye kusukuma, kupanda mteremko au kumzibia mwenzio njia, mwalimu ameshinda. Kama zinatoka kwenye kuokota mipira, kupanga vitu kwenye rafu au kulenga shabaha, roboti inayoweza kusogea sentimita 3 kushoto bila kurudi nyuma wala kugeuka ni mali. Hapo ninyi ndio mna hoja.

Wala msidhani mnatengeneza kituko. Mwaka 1994, François Pin na Stephen Killough wa maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, walichapisha kazi yao kuhusu majukwaa ya roboti yanayokwenda pande zote. Robotino, roboti ya kufundishia ya kampuni ya Festo ya Ujerumani, inatembea kwa magurudumu matatu ya omni hayohayo. Wengine wameshaipita njia hii, kilichobaki ni umakini wenu.

Haya, shikeni gurudumu moja mkononi. Lizungusheni kwenye ekseli yake: linabingirika kama gurudumu lolote. Sasa lisimamisheni mezani mlisukume kwa ubavu. Halikwami. Virola vilivyopangwa ukingoni vinazunguka, nalo linakwenda pembeni bila kinyongo. Siri yote ni hiyo. Kila gurudumu linasukuma upande mmoja na kuachia upande mwingine. Yakipangwa matatu, kila moja likiwa nyuzi 120 kutoka kwa mwenzake na ekseli zote zikielekea katikati ya chasisi, mkichanganya kasi zake mnapata mwendo wa upande wowote mnaoutaka.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Gurudumu la kawaida linasamehe. Likifungwa vibaya kidogo, dereva anakata kona kidogo na maisha yanaendelea. Chasisi ya matatu haina huruma hiyo: pembe ikipotoka, roboti inakwenda kombo kila upande, na timu inamaliza wiki nzima ikihariri programu isiyo na kosa. Nimeona timu zikigombana usiku kucha kuhusu programu, kumbe tatizo ni tundu moja lililotobolewa milimita chache pembeni.

Kwa hiyo anzeni na mchoro. Chukueni plaiwudi ya milimita 9 au 12. Bikari ya kwenye mkebe wa hesabu haitafika, basi tafuteni ubao mwembamba, pigeni msumari upande mmoja na tobo la penseli upande wa pili, sentimita 20 kati yao. Kamba msitumie, inavutika. Choreni duara. Kisha wekeni msumari popote juu ya mstari wa duara, mkate alama kwa penseli, mhamishie msumari kwenye alama hiyo, mkate nyingine, hivyohivyo mpaka mrudi mlikoanzia. Zitatoka alama sita. Chukueni moja, rukeni moja. Zilizobaki tatu ndizo nyuzi 120 zenu, hata kipimapembe hamkukigusa.

Halafu pimeni kutoka alama hadi alama. Kila upande wa pembetatu uwe sentimita 34.6. Mkipata 34.6, 34.6 na 35.2, futeni muanze upya. Mkishafunga mota na magurudumu, rudieni kipimo hicho pale ambapo kila gurudumu linagusa sakafu, maana mabano ya mota nayo hupinda. Kazi hii apewe mtu mmoja asiyeona haya kusema "bado". Mpimaji huyo ana cheo sawa na dereva.

Mota ya nne iwe akiba, msiibandike popote kwa sababu tu ipo. Tazameni shafti ya mota: nyingi zina upande mmoja bapa. Skrubu ya kubana gurudumu lazima ikae juu ya ubapa huo, vinginevyo gurudumu litaanza kuzunguka peke yake katikati ya mechi. Gurudumu lisogezwe karibu na mota kadiri inavyowezekana. Likining'inia mbali, shafti inapinda. Na kama mnatumia Arduino na ubao wa L298N, kumbukeni ubao mmoja unaendesha mota mbili tu, hivyo mtahitaji mbao mbili. Ubao huo pia unakula takriban volti 2 njiani: betri ya volti 12 itaifikishia mota kama volti 10. Msije mkailaumu mota kwa uvivu usio wake.

Kuhusu kasi, gurudumu la kipenyo cha milimita 100 likizunguka mara 200 kwa dakika linakwenda mita 1.05 kwa sekunde. Kwa dereva anayejifunza, hiyo inatosha kabisa.

Sasa uzito. Waswahili wamesema jifya moja haliinjiki chungu, na mafiga ni matatu kwa sababu chungu kwenye matatu hakiyumbi hata ardhi ikiwa na mabonde. Chasisi yenu ina faida hiyo: magurudumu yote yanagusa sakafu wakati wote, bila springi. Hasara yake ni kupinduka. Kwenye duara lenu la nusu kipenyo cha sentimita 20, kutoka katikati hadi mstari unaounganisha magurudumu mawili ni sentimita 10 tu. Kama yangekuwa manne kwenye duara hilohilo, ingekuwa 14. Basi betri ikae chini kabisa, katikati. Mkono mrefu ukinyooka, unyooke juu ya gurudumu, si kwenye uwazi kati ya magurudumu mawili. Kama ni lazima uokote vitu kwenye uwazi, uwe mfupi na wa chini.

Kuna kipimo kimoja ambacho timu nyingi hukiruka. Azimeni mizani ya jikoni. Wekeni gurudumu moja juu ya mizani, na mengine mawili juu ya vitabu vyenye kimo sawa na mizani. Someni namba, kisha mfanye hivyo kwa kila gurudumu. Roboti ya kilo 6 ikae karibu kilo 2 kwa kila moja. Gurudumu lenye uzito mdogo litateleza, na likiteleza, roboti inakwenda inakotaka yenyewe.

Tukija kwenye programu, msiogope. Gurudumu A liko mbele kushoto, B mbele kulia, C nyuma. Kubalianeni kwamba namba chanya ni mzunguko unaoipeleka roboti kinyume cha saa. Mwendo wa kulia uitwe x, wa mbele y, na wa kujizungusha z, joistiki ikitoa kila kimoja kati ya hasi 1 na 1. Hesabu ni hii:

A = −0.5x − 0.866y + z
B = −0.5x + 0.866y + z
C = x + z

Hiyo 0.866 ni kosini ya nyuzi 30, mliyoisoma darasani mkajiuliza mtaitumia wapi. Ijaribuni kwa kichwa. Kwenda mbele tu, A ni −0.866, B ni 0.866, C imelala. Kwenda kulia tu, A na B ni −0.5, C ni 1. Kujizungusha, zote sawa.

Sasa angalieni jumla ya A, B na C. Sehemu za x zinafutana, za y zinafutana, inabaki 3z. Maana yake ni kwamba roboti isipotakiwa kugeuka, jumla ya kasi tatu lazima iwe sifuri. Andikeni jumla hiyo kwenye skrini ya kompyuta mnapojaribu. Ikiwa sifuri na roboti bado inageuka, programu haina hatia, nendeni kwenye spana na mizani. Isipokuwa sifuri, rudini kwenye programu. Sentensi hizo mbili zitawaepusha na ugomvi mwingi.

Mtego mkubwa uko kwenye mshazari. Dereva akisukuma joistiki kulia na mbele kwa pamoja, x ni 1 na y ni 1. A inatoka −1.366, B 0.366, C 1. Lakini mota haiwezi kupita 1. Mkiikata A peke yake ibaki −1, jumla haiwi tena sifuri, na roboti inageuka bila kuamriwa. Dawa yake ni kugawanya zote tatu kwa ile kubwa bila kujali alama ya hasi, yaani 1.366. Zinakuwa −1, 0.27 na 0.73. Jumla imerudi sifuri, mwendo umenyooka, kasi tu ndiyo imepungua. Mistari miwili ya programu, na dereva ataacha kulalamika.

Jaribuni kwa mpangilio, roboti ikiwa imeinuliwa juu ya makopo kwanza, magurudumu hewani. Washeni mota moja moja mkahakikishe kila moja inazunguka upande mliokubaliana. Iliyo kinyume, badilisheni nyaya zake mbili. Kisha ishusheni chini, muipe z peke yake kwa nguvu ndogo: izunguke palepale kwenye alama ya chaki. Ikihama, rudini kwenye vipimo. Ndipo mjaribu mbele, ndipo ubavuni, mshazari uje mwisho. Sensa ya jairo ya kuishikilia roboti isigeuke ni nzuri sana, lakini ifungwe baada ya hapo. Ikifungwa mapema inaficha makosa ya ujenzi, nayo yatajitokeza siku ya mashindano betri ikiwa imechoka.

Na sakafu, jamani. Saruji ya darasani ina mchanga, na mchanga unaingia kwenye virola. Nywele na nyuzi za nguo nazo hujisokota humo. Kirola kimoja kikikwama, gurudumu linakuwa la kawaida kwa sehemu hiyo, na roboti inagutuka kila mzunguko. Fagieni kabla ya mazoezi, mpitishe mswaki mkavu kwenye virola baada ya mazoezi, na kila kirola kizungushwe kwa kidole. Aliyepewa kazi hiyo asiwe mdogo kuliko wote wa kidato cha kwanza kila siku. Zamu iwe ya wote, nahodha naye akiwemo.

Hilo linanileta kwenye neno la mwisho, nalo si la roboti peke yake. Kwenye klabu nyingi, msichana mmoja anaijua programu, mwingine anashika drili, na hawaelewani kwa sababu kila mmoja anaamini kosa liko kwa mwenzake. Chasisi hii haiwezekani kwa timu ya namna hiyo. Mwandika programu apime pembe japo mara moja, na fundi wa drili afanye hesabu ya A, B na C kwa mkono wake. Asiyejua aelekezwe bila kuchekwa.

Kwa mwalimu msiende na maneno matupu. Mpelekeeni kanuni za mashindano zikiwa zimepigiwa mstari penye pointi, na zile namba za nguvu, 4 dhidi ya 1.73, mzitaje wenyewe kabla hajawauliza. Mwalimu akiona mnaijua hasara ya kitu mnachokitaka, atawasikiliza. Kisha mwombeni muda maalumu wa majaribio, na mkubaliane kabisa: siku hiyo ikifika roboti haijanyooka kwenye mstari wa chaki, mnafunga magurudumu ya kawaida bila kununa.

Jumamosi hii choreni lile duara kwenye kadibodi, mpime pande tatu, mkamwonyeshe. Plaiwudi ikatwe baada ya hapo.