Safari ya Siku Moja Kwenda York

Ukipanda treni asubuhi London, katika stesheni ya King's Cross, utafika York, kaskazini ya Uingereza, kwa muda wa saa mbili hivi, na jioni waweza kurudi. Utokapo stesheni, mbele yako pana ukuta wa mawe.

Warumi ndio walioanzisha mji huu mwaka 71 B.K., na hapo askari wao walimtangaza Constantine kuwa mfalme mwaka 306. Sehemu kubwa ya ukuta uonekanao leo ilijengwa baadaye, katika karne ya 13 na ya 14. Urefu wake wapita kilometa 3.

Ukuta huo nusura upotee. Mwaka 1800 wakuu wa mji waliomba ruhusa ya kuubomoa, kwa kuwa kuutengeneza ni gharama. Watu wengine walipinga. Sehemu chache zilivunjwa, nyingi zikasalia. Reli nayo ilitobolewa njia ukutani, na stesheni ikafunguliwa ndani mwaka 1841; ile ya leo, iliyo nje, ilifunguliwa mwaka 1877.

Basi, wanafunzi, fikirini: kama mngalikuwa katika baraza lile, mngalisema nini?