Zamani Ilikuwa Nzuri kwa Nani?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Katika khutba moja ya hivi karibuni nilisifu sana zamani. Nilisema kwamba tulipokuwa watoto hapa Kindu, mlango ulifungwa kwa kamba tu. Nilisema kwamba mzee yeyote aliweza kumkanya mtoto wa jirani na mama yake akashukuru, na kwamba mfanyabiashara alitoka hapa na baiskeli yake hadi Kasongo bila kukutana na kundi la watu wenye bunduki. Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali. Mimi mwenyewe nilifurahi kwa maneno yangu.

Baada ya sala kijana mmoja alinifuata barazani. Akanisalimu kwa adabu, kisha akasema: «Mwalimu, tangu nizaliwe ninasikia kwamba mambo mazuri yaliisha kabla yangu. Kama ni hivyo, mimi nifanye nini? Na nani aliyeyamaliza, kama si ninyi mliokuwako?»

Sikuwa na jibu. Nilimwambia anipe muda. Somo la leo ni jibu lake, na pia ni sahihisho la khutba yangu.

1. Neno la mama yangu

Siku ile nilikwenda kumsalimu mama. Ni mzee sasa, lakini kumbukumbu yake ni nzima. Nikamwambia: «Mama, unakumbuka jioni zile? Moto wa kuni uani, sisi na loho zetu tunasoma kwa sauti, wewe unapika sombe. Ilikuwa raha.»

Akaniangalia, akasema: «Raha yako, baba. Mwaka ule nilizika watoto wawili kwa surua. Wewe ulikuwa mdogo, tulikupeleka kwa shangazi yako ukacheza. Na wali ule ulioukula ulikuwa wako na wa baba yako. Mimi nilikunywa maji nikalala. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa mtoto.»

Ndugu yangu, nilitoka kwake kichwa chini. Kwa zaidi ya miaka arobaini nilidhani kwamba amani ile ilikuwa ya zama zile. Kumbe ilikuwa mgongo wa mama yangu. Hofu ilikuwako, njaa ilikuwako, mauti yalikuwako. Alivibeba yeye ili visinifikie. Mimi nikakua, nikausahau mgongo, nikaisifu zama.

Basi mtu anapokwambia kwamba zamani ilikuwa salama, muulize kwa upole: wakati huo ulikuwa na umri gani? Mara nyingi anachokikumbuka ni utoto wake. Na utoto huwa mtamu pale ambapo kuna mtu mzima anayeteseka kimya.

2. Turudi nyuma zaidi

Wengine husema: zama za Mobutu kulikuwa na utaratibu. Ni kweli kwamba nchi ilikuwa moja na vita havikuwa kila mahali. Lakini tukumbuke yote. Zaire, pesa yetu, ilipozaliwa mwaka 1967 moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Ilipofika mwaka 1993, zaire milioni tatu zilibadilishwa kwa zaire moja mpya. Mshahara wa mwalimu ulikufa mfukoni mwake. Mwaka 1973 maduka na mashamba ya wageni yaligawiwa, na mengi yakafa mikononi mwa waliopewa. Asubuhi ya Salongo mtu alitoka kwenda kufagia, apende asipende. Na aliyesema neno juu ya wakubwa alitazama kwanza nyuma yake. Ule ukimya tunaouita utaratibu, sehemu yake ilikuwa woga.

Wengine hurudi hadi kwa Wabelgiji, wakasema barabara zilikuwa nzuri na treni ilifika kwa saa yake. Ni kweli, barabara zilitengenezwa. Lakini nani alizitengeneza, na zilibeba nini? Mwaka 1917 utawala uliweka kilimo cha lazima, hadi siku 60 kwa mwaka. Hapa kwetu Maniema ndipo pamba ya lazima ilipoanzia. Aliyekosa kulima alikutana na kapita, na baada ya kapita ni fimbo au jela. Babu yangu mzaa mama alikuwa na alama mgongoni hadi siku tulipomwosha. Na kwa sisi Waislamu, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni. Mzazi aliogopa kwamba mtoto wake atatoka huko na dini nyingine, akambakiza nyumbani. Shule za serikali zisizo za misheni kwa watoto wetu zilianza kufunguliwa kwa nguvu tangu mwaka 1954 tu, miaka sita kabla ya uhuru. Basi tusishangae kwamba wazee wetu wengi hawakupata vyeti.

Na sisi Waislamu wa Maniema tuna zamani yetu ya pekee, ile ya Waungwana. Tunasema kwa fahari kwamba dini ilifika hapa na watu wa Pwani, na kwamba Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa Tippu Tip hata kabla ya majeshi ya Bula Matari kuuteka mwaka 1893. Dini ni neema, tumshukuru Mwenyezi Mungu kwayo. Lakini tusifiche kwamba misafara ile ile ilibeba pembe za ndovu na watu. Yule aliyefungwa shingo na kupelekwa Pwani alikuwa na mama pia. Kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyefaidika, kulikuwa na mtu mwingine wa mto huu huu aliyelia. Haki inataka tuwakumbuke wote wawili.

3. Kitabu na Suna

Katika Suratul-Baqara, aya ya 61, tunasoma habari za Bani Israil jangwani. Mwenyezi Mungu amekwisha kuwaokoa, anawalisha chakula ambacho hawakukilima. Wao wakachoka nacho, wakatamani mboga, matango, dengu na vitunguu. Wanazuoni wa tafsiri, akiwemo Ibn Kathir, wameeleza kwamba walikumbuka maisha waliyoyazoea. Lakini rudi nyuma kidogo katika sura hiyo hiyo, aya ya 49, utaona maisha yale yalikuwa nini: Firauni alikuwa akiwachinja watoto wao wa kiume. Ulimi ulikumbuka kitunguu, ukasahau kisu. Hii ndiyo tabia ya kumbukumbu ya mwanadamu, na ndiyo maana Qurani inatuonya nayo.

Utaniuliza: je, zama za Mtume (s.a.w.) si bora kuliko zote? Ndiyo, hilo halina shaka, naye mwenyewe amelisema. Lakini ubora haukuwa wepesi. Amepokea Muslim kwamba mtu mmoja alimwambia Hudhayfa bin al-Yaman (r.a.) kuwa angalikuwako zama za Mtume angalipigana pamoja naye kwa nguvu zake zote. Hudhayfa hakumsifu. Alimsimulia usiku wa Ahzab, wenye upepo mkali na baridi, Mtume alipouliza nani atakwenda kuleta habari za maadui, na malipo yake ni kuwa pamoja naye Siku ya Kiyama. Aliuliza mara tatu, na hakuna aliyesimama. Mwishowe akamwita Hudhayfa kwa jina, naye akaenda. Ona ndugu yangu: hao ni masahaba, na usiku ule baridi na hofu viliwashika. Anayetamani zama zile hajui kama angesimama.

Na kuna hadithi ambayo wazee huitumia sana. Amepokea Bukhari kwamba watu walimlalamikia Anas bin Malik (r.a.) juu ya dhulma ya Hajjaj. Akawaambia wavumilie, kwa kuwa alisikia kwa Mtume (s.a.w.) kwamba kila wakati unaokuja utafuatwa na mbaya zaidi. Wengi hufunga kitabu hapo, wakasema: mwaonaje, mambo yamekwisha. Lakini wanazuoni hawakufunga kitabu. Waliuliza: mbona baada ya Hajjaj alikuja Umar bin Abdulaziz, mtawala mwadilifu? Hasan al-Basri akajibu kwamba watu hawana budi kupata nafasi ya kupumua. Na Ibn Mas'ud (r.a.) alikuwa amekwisha kueleza kwamba ubaya huo si wa mvua wala wa mavuno wala wa mtawala. Ni kuondoka kwa wenye elimu, wakabaki wasiojua.

Hebu tafakari. Kama ubaya wa zama ni kuondoka kwa elimu, basi mzee anayejua na asifundishe, anayekaa barazani kulaumu vijana tu, yeye mwenyewe ndiye anayeharibu zama. Kijana yule aliniuliza nani aliyeyamaliza mambo mazuri. Jibu limeniumiza, lakini ndilo hilo.

4. Kilichokuwa cha kweli

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba hakuna kilichopotea. Tangu vita vya mwaka 1996 na vile vya 1998, mashariki ya nchi yetu imezika watu wengi mno, na mwanzoni mwa mwaka 2025 tulisikia tena vilio vya Goma na Bukavu. Mama aliyekimbia nyumba yake akisema kwamba zamani alilala usingizi, tusimbishie. Amesema kweli, na machozi yake yana haki.

Pia majirani walilishana, hilo ni kweli. Mwenye mpunga alimpa asiyekuwa nao, na mwenye mafuta ya ngazi alipeleka chupa kwa mjane. Lakini hayo hayakuletwa na mtawala wala na mwaka. Yaliletwa na mikono ya watu, tena watu maskini, katika siku ngumu. Na kama mkono wa mtu maskini uliweza wakati ule, unaweza leo.

5. Tufanye nini

Kwanza, wewe baba au mama, unapowasimulia watoto zamani, wasimulie nzima. Waambie utamu, waambie na uchungu. Usiwafanye waone kwamba wamezaliwa kwenye jalala.

Pili, kama mzazi wako yu hai, nenda umuulize alikuficha nini ulipokuwa mtoto. Kisha umshukuru kabla hajaondoka.

Tatu, jua kwamba kuna mtoto nyumbani kwako ambaye miaka arobaini ijayo atasema: zamani ilikuwa nzuri. Atazungumza juu ya siku hizi hizi unazozilaani. Kama atasema hivyo au la, inategemea mgongo wako.

Nne, wewe kijana, usikubali kwamba umechelewa kuzaliwa. Siku ya Kiyama kila mmoja ataulizwa umri wake aliutumiaje, elimu yake aliifanyia nini, mali yake aliipataje. Hutaulizwa juu ya miaka ya babu yako. Na usiitukane zama, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) ametukataza. Usiku na mchana viko mkononi mwa Mwenyezi Mungu.

Maswali ya nyumbani: Je, ni nani aliyelipa kwa ajili ya zamani ninayoisifu? Ni jambo gani moja jema la wakati ule ninaloweza kulifanya juma hili? Ni elimu gani niliyo nayo ambayo sijamfundisha mtu?

Na kijana wangu, najua utasoma karatasi hii. Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa barazani na watoto wa chuo. Mimi nitawasomesha juzuu ya Amma. Wewe unajua hesabu kuliko mimi. Njoo uwafundishe.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu waliotubebea tusiyoyajua. Wape amani ndugu zetu wa mashariki. Tusamehe tulipoisifu zamani ili tukwepe kazi ya leo. Na wajaalie watoto wetu siku njema kuliko zetu. Amin.