Gari Bovu Nyumbani: Tuanze na Chesisi, Siyo Injini

Vijijini kwetu Ufipa, kuanzia Mollo hadi Laela, unaweza kukuta gari kuukuu limelala uani kwa mtu. Tairi zimekwisha upepo. Kuku wanatagia ndani. Watoto wanachezea usukani. Mara nyingi gari lenyewe ni Land Rover, maana ndiyo iliyokuwa ikipita barabara zetu za matope zamani.

Katika somo la leo tutajifunza namna ya kulifufua gari la namna hiyo hapo hapo nyumbani. Tutajifunza pia jambo lililo gumu zaidi, yaani namna ya kujua kama gari linafaa kufufuliwa au la.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja amefariki, ameacha Land Rover ya petroli iliyolala miaka 20. Mtoto wa kwanza anasema, "Tuuze chuma chakavu, tupate hela ya mbolea." Wa pili anasema, "Aa, tununue betri tuiwashe leo leo!" Mama yao anauliza, "Hiyo hela ya betri itatoka kwenye gunia lipi?"

Wote watatu wana sababu. Lakini hakuna hata mmoja aliyeingia chini ya gari kutazama. Basi sisi tuanzie huko.

Kutu ni nini?

Wafipa wa zamani walikuwa mafundi hodari wa chuma. Walijenga matanuri marefu ya udongo kupita kimo cha mtu, yaitwayo malungu. Walitia humo mkaa pamoja na mawe yenye chuma. Moto mkali ulikitoa chuma katika mawe, wahunzi wakafua majembe na shoka. Mabaki ya malungu yapo mpaka leo.

Kutu ni kinyume cha kazi ile. Chuma kikikutana na maji na hewa, kinaanza kurudi kilikotoka. Kinageuka unga mwekundu, kama yale mawe ya mwanzo. Kazi aliyoifanya mhunzi kwa moto, mvua inaibomoa polepole. Huku kwetu mvua hunyesha tangu Novemba mpaka Aprili. Gari likilala uani miaka 20, limenyeshewa masika 20.

Bati linadanganya

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, huko Amsterdam, nchini Uholanzi. Watengenezaji wake walikuwa Waingereza. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha mwaka 1945, na Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma. Kwa hiyo bodi ya gari ilitengenezwa kwa alumini, yaani bati la aina moja na sufuria zetu.

Wewe mwenyewe unajua kwamba sufuria ya alumini haishiki kutu nyekundu. Ndiyo maana Land Rover ya zamani huonekana nzima kwa juu. Lakini chini yake kuna chesisi. Hiyo ndiyo mifupa ya gari. Injini, springi na bodi, vyote vimefungwa juu yake. Chesisi ni ya chuma, na ina uwazi ndani kama bomba. Matope na maji huingia, hukaa humo, huila kutokea ndani.

Basi usinunue wala usifufue Land Rover kwa kutazama bati. Mwenye kutazama bati ametazama nguo, hajatazama mgonjwa.

Ukaguzi: nyundo na daftari

Fanya kazi hii wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Fuata hatua hizi:

1. Kwanza tazama wakazi. Nyuki, nyoka na panya hupenda gari bovu. Fungua milango na boneti kwa fimbo ndefu, usitangulize mkono.

2. Kabla ya kuinua gari, zuia magurudumu yasiyoinuliwa kwa mawe, mbele na nyuma. Ukishainua kwa jeki, weka magogo imara chini ya chesisi. Kamwe usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ikiteleza, hutapata nafasi ya kupiga kelele.

3. Kwangua matope kwa brashi ya waya.

4. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, tangu mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito, iliyokufa. Mahali pengine nyundo itatoboa kabisa.

5. Kila penye ubovu, piga alama ya chaki. Kisha chora chesisi katika daftari na uonyeshe alama hizo.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo kujua kusoma na kuandika kunapolipa. Fundi mwenye kichwa kizuri atakumbuka nati kumi. Hatakumbuka nati mia mbili kwa miezi minane. Kila unachofungua, kitie kwenye kopo na uandike: "Nati za gurudumu la kushoto mbele, 5." Kila waya ufungie kikaratasi chenye namba. Gari likifunguliwa bila kuandikwa, huishia kuwa rundo la vyuma, na rundo la vyuma ndilo linalouzwa kwa kilo.

Tupige hesabu

Ukaguzi ukiisha, ita mchomeleaji na fundi wa magari. Waulize bei, uandike. Katika mfano wetu tutahesabu kwa magunia ya mahindi, maana hela yetu inatoka huko.

Tuseme mahitaji ni haya:

Kuchomelea chesisi: magunia 6
Breki: magunia 4
Betri: magunia 2
Tairi: magunia 5
Jumla: magunia 17

Familia imevuna magunia 40. Chakula 18. Mbegu na mbolea 8. Mahitaji ya shule 6. Yanabaki magunia 8.

Nane haitoshi kumi na saba. Atakayelazimisha atachukua gunia la chakula au la mbolea, na hapo gari litakuwa limekula shamba. Lakini wanaweza kugawa kazi kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza chesisi, magunia 6. Mwaka wa pili breki na betri, magunia 6. Mwaka wa tatu tairi, magunia 5. Masalio ya kila mwaka yatanunua oili, grisi, rangi na spea ndogo ndogo. Miaka mitatu siyo mingi kwa gari lililolala ishirini.

Na kama fundi anasema chesisi nzima imekwisha? Basi andika hivyo, na ukubali. Lakini usikimbilie kung'oa vipande na kuviuza kimoja kimoja. Land Rover kuukuu iliyo kamili ina watu wanaoitafuta, hapa nchini na Ulaya. Mwezi Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa tamasha lake. Ipunguzie mvua kwa paa la nyasi, kisha tafuta mnunuzi taratibu.

Breki kabla ya injini

Watu wengi hutaka kusikia mlio kwanza. Injini ikinguruma, kijiji kizima kinashangilia, na kijana anaondoka nalo. Lakini sisi tunaishi juu ya mlima. Ukienda Muze unateremka ukingo mkali mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Ukienda Kasanga unateremkia Ziwa Tanganyika. Gari lisilo na injini haliui mtu. Gari lisilo na breki linaua.

Land Rover nyingi za zamani zina njia moja tu ya mafuta ya breki. Paipu ikipasuka kwenye gurudumu moja, breki za magurudumu yote manne zinapotea. Tena mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yakikaa miaka mingi, silinda ndogo za breki hupata kutu ndani na raba zake hukauka.

Kwa hiyo badilisha raba zote na paipu zote za mpira. Badilisha pia paipu za chuma zilizoshika kutu. Tia mafuta mapya ya breki, na siyo oili ya injini, hata kama umeshauriwa hivyo. Oili huvimbisha raba za breki hizo na kuziharibu. Tena usipulize vumbi la breki. Breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lipanguse kwa kitambaa kibichi, ukizike kitambaa hicho.

Kazi ya breki ikaguliwe na fundi mwenye uzoefu. Hapa usione haya kuomba msaada.

Sasa injini

Je, injini iliyolala muda mrefu inaweza kuamka? Ndiyo, kama ilitunzwa. Watu wa Kipili na Kasanga wanaijua meli ya Liemba. Wajerumani waliitengeneza mwaka 1913 wakaileta Kigoma vipande vipande. Mwaka 1916, wakati wa vita, waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nyingi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ililala majini miaka mingi, mitambo yake ikafaa tena. Grisi ile ndiyo iliyoizuia kutu.

Gari la mzee huenda halikupakwa kitu. Basi enda nalo kwa upole:

1. Andika namba kwenye waya za plagi, kisha chomoa plagi zote nne.

2. Mimina kijiko kimoja cha oili iliyochanganywa na dizeli katika kila tundu. Acha siku tatu au nne.

3. Zungusha injini kwa hendeli, polepole, plagi zikiwa nje. Ikikataa, ongeza oili na usubiri tena. Usilivute gari likiwa kwenye gia ili kuilazimisha. Unaweza kuvunja ringi za pistoni.

4. Mwaga oili ya zamani, maji ya rejeta na petroli ya zamani. Petroli iliyokaa miaka huacha utomvu unaoziba kabureta. Osha tanki na kabureta. Toa viota vya panya kwenye chujio la hewa na bomba la moshi.

5. Kabla ya kufunga betri, tazama alama. Katika Land Rover nyingi za kabla ya mwaka 1967, waya unaoshika bodi hutoka upande wa chanya (+), siyo hasi (–). Ukikosea, unaweza kuunguza vyombo vya umeme.

6. Tia oili, maji na petroli mpya. Washa, sikiliza, zima. Kagua kama kuna mahali panapovuja.

Hatari tatu

Petroli: usiioshee vyuma karibu na jiko, sigara wala kibatari. Mvuke wake unatambaa chini na kuufuata moto. Moshi: usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Moshi huo una sumu isiyoonekana, mtu husinzia akafa. Asidi ya betri: ikikurukia, osha kwa maji mengi upesi. Ikiingia jichoni, endelea kuosha huku ukienda hospitali.

Karatasi za gari

Kabla ya kununua hata boliti moja, tafuta kadi ya gari. Nenda nayo ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ukaulize habari zake. Kama mwenye gari amefariki, familia ikae, ifungue mirathi mahakamani. Gari likishapona, kila ndugu atalitaka. Ni heri kuandikiana wakati bado ni bovu.

Maswali

1. Kwa nini bati la Land Rover linaweza kumdanganya mnunuzi?
2. Kwa nini mitambo ya Liemba ilifaa tena baada ya miaka mingi majini?
3. Familia ya mfano wetu ikivuna magunia 34 tu, na matumizi mengine yasibadilike, itabaki na magunia mangapi? Ifanye kazi gani mwaka huo?

Kazi ya kikundi

Nendeni mkakague gari bovu moja kijijini, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mmoja agonge kwa nyundo, mwingine aandike, mwingine achore. Kisha jadilini: lifufuliwe, liuzwe zima, au lisubiri? Mpeni mwenye gari nakala ya mlichoandika. Atakuwa na jambo la kuanzia.