Mawe na Mapambo katika Tangi la Samaki: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuyaweka

Tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kina cha 30 hujaa lita 54 za maji, yaani kilo 54, kabla ya kuwekwa hata jiwe moja. Mlaji anayelinunua mjini Songea ili alipambe nalo sebule yake Mshangano huuliza kwa makini bei ya kioo, pampu na chujio. Kuhusu mawe haulizi, kwani mawe yako uani, mtoni, na kwenye rundo la jirani anayejenga. Hapo ndipo hasara huanzia.

Asili ya jiwe

Jiwe la chokaa, marumaru, matumbawe na makombe ya baharini huyeyuka polepole majini, yakayafanya maji kuwa magumu na kuyaelekeza upande wa alkali. Likwaruze jiwe kavu kwa msumari, kisha udondoshee siki au maji ya ndimu mahali palipokwaruzwa. Likitoa povu, lina chokaa. Lisipotoa povu, usidhani limepewa kibali: kipimo hiki hakitambui madini ya metali. Jiwe lenye michirizi ya kutu au chembe zinazometameta kama chuma liachwe lilipo.

Chokaa si sumu kwa kila samaki. Wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wenye rangi za buluu na manjano, wanaojulikana kwa jina la mbuna, huishi kwenye miamba, katika maji ya alkali. Jiwe la chokaa haliwasumbui. Samaki waliozoea maji laini ya mito ya Amerika ya Kusini watadhoofika katika maji hayo hayo. Kwa hiyo mlaji amuulize muuzaji samaki huyu ametokana na maji ya namna gani, na muuzaji akishindwa kujibu, ni afadhali kuahirisha ununuzi.

Vipande vya saruji mpya ni jambo jingine kabisa. Hutoa chokaa kali inayobadilisha maji kwa ghafla, na samaki wa aina yoyote wanaweza kufa.

Mkazi wa Ruvuma ana sababu ya pekee ya kuyaogopa mawe ya shambani. Viuatilifu vyenye shaba, ukiwemo mrututu, hutumika kukinga kahawa dhidi ya magonjwa, na kahawa ni zao kuu la jirani zetu wa Mbinga. Shaba kidogo isiyomdhuru mtu huua konokono wa majini na kuharibu matamvua ya samaki. Jiwe lililotoka katika shamba lililopuliziwa dawa lisitumike, hata likisuguliwa namna gani. Sarafu na nyaya za shaba nazo zisitumbukizwe.

Kusafisha

Sugua kwa brashi na maji matupu. Sabuni isiguse jiwe. Wapo wanaoshauri jiwe lichemshwe au lichomwe motoni. Usifanye hivyo. Maji yaliyonaswa ndani yake hugeuka mvuke, jiwe likapasuka, na vipande vyake vinaweza kumpofua aliye jikoni. Liweke ndooni, limwagie maji ya moto, liache lipoe, kisha liloweke siku kadhaa huku ukibadilisha maji.

Kupanga

Mbuna na jamaa zao huchimba mchanga. Jiwe lililosimamishwa juu ya mchanga leo litakuwa limechimbuliwa chini yake baada ya siku chache, nalo likianguka huvunja kioo, maji yakamwagika sakafuni penye waya wa pampu, pengine mtoto akiwa karibu. Tandika kwanza karatasi nene ya plastiki kwenye sakafu ya tangi, panga mawe makubwa juu yake, ndipo umwage mchanga uliooshwa. Kabla ya kutia maji, sukuma kila jiwe kwa kidole. Linalotikisika lipangwe upya. Ukitaka kuyagandisha, tumia silikoni tupu, si ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu. Tangi likishaanza kutumika, chomoa umeme kila unapoingiza mkono.

Uzito nao uhesabiwe. Mawe ya kilo 26 husukuma nje takribani lita 10 za maji, hivyo meza huongezewa kilo 16 hivi. Meza ya televisheni haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Mapambo ya dukani

Loweka pambo jipya katika ndoo nyeupe kwa siku mbili au tatu. Maji yakibadilika rangi au kunuka, lirudishe dukani pamoja na risiti, ambayo ni haki yako kuidai. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Maneno ya muuzaji kwamba pambo ni salama kwa samaki yaandikwe kwenye risiti hiyo. Kwa maoni yetu, chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kilicholazwa ubavu, kinashinda ngome nyingi za plastiki kwa bei na kwa usalama, na samaki hujificha humo vilevile.

Ongeza mawe mawili au matatu kwa wakati mmoja, kisha subiri wiki moja. Samaki wakianza kuhema juu ya maji au kujisugua kwenye mawe, toa ulichoongeza mwisho na ubadilishe robo ya maji kwa maji ya bomba yaliyokaa wazi ndooni usiku na mchana mzima.