Springi za Land Rover ya Chama: Soko la Gari Litambuliwe Kabla ya Kununua

Madhumuni ya somo hili ni kumwezesha katibu wa chama cha msingi, pamoja na wanachama wa kamati, kutambua Land Rover ya zamani ilitengenezwa kwa ajili ya soko la nchi gani, kabla fedha ya chama haijatolewa kununulia springi mpya. Somo linahusu Land Rover zenye springi za pleti, hususan zile za Series IIA zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1961 na za Series III zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985.

Kwa nini jambo hili ni la chama wala si la fundi peke yake

Gari la chama ni mali ya wanachama wote. Ndilo linalopeleka mbegu na dawa vijijini, ndilo linalomchukua mkaguzi wa mazao, na mara nyingine ndilo linalompeleka mgonjwa hospitali usiku. Springi zikivunjika msimu wa mavuno, hasara huanza siku ile ile.

Tuseme katibu wa chama fulani anaandika katika hati ya kuagiza maneno haya tu: "Springi za Land Rover, jozi moja, za nyuma." Muuza vipuri anampa springi za Land Rover kweli, wala hakumdanganya. Fundi anazifunga. Baada ya siku mbili gari linainama upande wa dereva, na likiwa tupu linarukaruka kwenye matuta kama mbuzi. Springi zikirudishwa dukani, muuzaji anakataa kuzipokea kwa kuwa zimekwisha kufungwa na kutumika. Fedha ya wanachama imekwenda, gari bado ni bovu, na katika mkutano mkuu anayeulizwa ni katibu, si muuzaji. Kosa halikuwa katika springi, wala halikuwa katika mkono wa fundi. Lilikuwa katika ule mstari mmoja wa hati ya kuagiza.

Land Rover si gari la namna moja

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi Aprili mwaka 1948, ikitengenezwa na kampuni ya Rover huko Solihull, Uingereza. Tangu mwanzo magari mengi yaliuzwa nchi za nje, na kila soko lilikuwa na mahitaji yake. Nchi nyingine huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani huwa kulia. Ndivyo ilivyo Uingereza, Tanzania, Kenya na Uganda. Nchi nyingine huendesha upande wa kulia, na usukani huwa kushoto. Ndivyo ilivyo Kongo, Rwanda, Burundi na sehemu kubwa ya Ulaya.

Kadhalika, magari mengine yalitoka kiwandani yakiwa kamili, na mengine yalisafirishwa vipande vipande ndani ya makasha, yakaunganishwa katika nchi yaliyouzwa. Kiwanda cha Leyland huko Thika, Kenya, kilikuwa kimoja cha viwanda vilivyounganisha Land Rover kwa njia hiyo. Gari lililounganishwa namna hii huweza kuwa na vifaa vilivyotengenezwa nchini, kama vile matairi, betri, vioo na hata springi. Kwa sababu hiyo kitabu cha vipuri kilichopigwa chapa Uingereza huenda kisilingane na gari hilo katika kila jambo.

Tena zipo Land Rover zilizotengenezwa Hispania na kampuni ya Santana katika mji wa Linares kuanzia mwaka 1958. Kwa sura zinafanana na za Uingereza, lakini namba zake na baadhi ya vipuri vyake ni mbali. Gari la Santana lisiagiziwe springi kwa kutumia namba za Uingereza.

Springi hutofautianaje

Zipo tofauti nne ambazo katibu hana budi kuzifahamu.

Ya kwanza ni urefu wa gari. Land Rover fupi ina inchi 88 kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, yaani kama milimita 2,235. Ndefu ina inchi 109, yaani kama milimita 2,769. Springi za nyuma za gari refu zimeundwa kubeba mzigo mkubwa zaidi. Zikifungwa kwenye gari fupi litakuwa gumu mno, na breki za nyuma zitakamata magurudumu yanaporuka hewani.

Ya pili ni injini. Injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli, kwa hiyo springi za mbele za gari fupi la dizeli ni ngumu zaidi kuliko za gari fupi la petroli. Jambo hili lataka uangalifu, maana magari mengi ya zamani yamekwisha kubadilishwa injini.

Ya tatu ni upande. Watu wengi hudhani kwamba springi ya kulia na ya kushoto ni moja. Sivyo. Kwa aina nyingi za Land Rover hizi, springi ya upande wa dereva imekunjwa zaidi kidogo kuliko ile ya upande wa abiria, kwa kuwa dereva yumo garini siku zote, na abiria huenda asiwemo. Vitabu vya vipuri hutaja "upande wa dereva" na "upande wa abiria". Hapa ndipo soko la gari linapoingia: upande wa dereva kwa gari la Tanzania ni kulia, bali kwa gari lililotengenezwa kwa ajili ya Burundi ni kushoto. Springi zikibadilishana pande, gari litainama hata kama kila moja ni mpya na nzuri.

Ya nne ni kazi. Magari ya jeshi na yale yaliyoagizwa kwa kazi nzito huweza kuwa na springi za namna yake, na pengine hata vishikizo vya springi kwenye chesisi vilivyo tofauti.

Namba ya chesisi ndiyo hati ya kuzaliwa ya gari

Namba hupatikana mahali pawili. Kwanza, kwenye kibati kilichopigiliwa ndani ya chumba cha dereva. Pili, imepigwa kwenye chuma cha chesisi chenyewe, mbele upande wa kulia, pale springi ya mbele inaposhikwa. Mahali hapa hufunikwa na matope, kutu na rangi. Pasafishwe kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, wala pasisagwe kwa mashine, kwa maana namba ikifutika haiwezi kurudi. Vilevile fundi anayechomelea kishikizo cha springi aonywe mapema juu ya namba hiyo.

Kwa Series IIA na Series III namba huwa na tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Tarakimu tatu za kwanza ndizo zinazosema gari ni la aina gani na la soko gani. Kwa magari ya kawaida ya silinda nne mpangilio ni huu:

Series IIA, fupi, petroli: 241 hadi 245.
Series IIA, refu, petroli: 251 hadi 255.
Series IIA, fupi, dizeli: 271 hadi 275.
Series IIA, refu, dizeli: 276 hadi 280.
Series III, fupi, petroli: 901 hadi 905.
Series III, fupi, dizeli: 906 hadi 910.
Series III, refu, petroli: 911 hadi 915.
Series III, refu, dizeli: 916 hadi 920.

Katika kila kundi la namba tano utaratibu ni mmoja. Ya kwanza ni gari la soko la Uingereza. Ya pili ni la kuuzwa nje likiwa kamili, usukani kulia. Ya tatu ni la kuunganishwa katika nchi ya nje, usukani kulia. Ya nne ni la kuuzwa nje likiwa kamili, usukani kushoto. Ya tano ni la kuunganishwa nje, usukani kushoto.

Kwa mfano, namba inayoanza na 913 ni ya Series III ndefu ya petroli, iliyounganishwa katika nchi yenye usukani kulia. Namba inayoanza na 919 ni ya Series III ndefu ya dizeli, iliyouzwa nje ikiwa kamili na usukani wake kushoto. Magari ya abiria yenye viti vingi na yale ya silinda sita yana makundi yake mengine. Hayo yatafutwe katika kitabu cha vipuri.

Herufi ya mwisho nayo isiachwe. Inaonyesha mabadiliko makubwa yaliyofanywa kiwandani, na muuza vipuri mwenye ujuzi ataiuliza. Magari yaliyotengenezwa kuanzia karibu mwaka 1980 yana namba ndefu zaidi, ya herufi na tarakimu 17, inayoanza na SAL.

Ikiwa namba ya kwenye chesisi hailingani na ile ya kwenye kibati au ya kwenye kadi ya gari, kazi isimame na kamati iarifiwe. Huenda chesisi ilibadilishwa kwa halali na taarifa haikuandikwa. Huenda kuna jambo baya zaidi. Kwa vyovyote vile, mamlaka ya usajili wa magari ndiyo yenye kuamua.

Namba haisemi yote

Namba yaeleza gari lilivyozaliwa, haielezi lilivyoishi. Kwa hiyo, baada ya kusoma namba, gari lenyewe lichunguzwe.

Iangaliwe injini iliyomo sasa. Gari lililozaliwa na petroli na sasa lina dizeli lataka springi za mbele zinazofaa uzito wa dizeli.

Uangaliwe usukani. Gari ambalo namba yake ni ya usukani kushoto, na sasa usukani uko kulia, limehamishwa. Springi ya upande wa dereva na ifuate mahali dereva anapokaa leo, na muuzaji aelezwe hivyo waziwazi.

Ziangaliwe springi zilizomo. Pleti zihesabiwe kila upande, na unene na upana wake upimwe. Urefu wa springi upimwe kutoka katikati ya jicho moja hadi katikati ya jicho la pili, kwa kufuata mkunjo wa pleti ya juu. Hata hivyo springi za zamani zisichukuliwe kuwa ndio ukweli wote, kwa sababu mafundi wengi wameongeza pleti ili gari libebe zaidi. Pleti iliyoongezwa hutambulikana kwa unene usiofanana na wenzake.

Ziangaliwe pia chini ya gari lote. Kuanzia mwaka 1983 Land Rover One Ten, na mwaka 1984 Ninety, zilikuja na springi za mviringo badala ya pleti. Bodi huweza kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine. Sura ya mbele pekee si ushahidi.

Hati ya kuagiza iandikwe hivi

Hati iliyo kamili itaje: namba yote ya chesisi pamoja na herufi yake, urefu wa gari, inchi 88 au 109, injini iliyomo, usukani ulikuwa upande gani na sasa uko upande gani, springi zinazotakiwa ni za mbele au za nyuma, za upande wa dereva au wa abiria, na idadi ya pleti na vipimo vilivyopatikana. Nakala moja ibaki katika jalada la gari. Mwaka ujao katibu mwingine hatakuwa na haja ya kulala chini ya gari kutafuta namba.

Springi hununuliwa jozi kwa ekseli moja. Zinunuliwe pamoja na bushi mpya na yubolti mpya, kwa maana yubolti ya zamani imekwisha kunyooshwa na haifai kuaminiwa. Springi mpya ziwekwe chini kando ya zile za zamani na kulinganishwa kabla hazijafungwa. Zikionekana kuwa na kasoro, wakati wa kuzirudisha ni huo.

Wakati wa kufunga, bolti zinazopita katika bushi zisikazwe mwisho gari likiwa juu ya jeki. Gari lishushwe kwanza, likae kwa magurudumu yake, kisha ndipo zikazwe. Zikikazwa gari likiwa juu, mpira wa bushi hujikunja mara gari linaposhuka, na hupasuka upesi. Baada ya safari za siku chache yubolti zikazwe tena.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Namba ya chesisi ya gari la chama chenu inaanza na tarakimu zipi, na zinasema nini?
2. Namba inaonyesha petroli, bali injini iliyomo ni ya dizeli. Muuza vipuri aelezwe nini?
3. Gari limefungwa springi mpya na linainama upande wa dereva. Tajeni mambo mawili ya kuangaliwa kwanza.
4. Nani katika chama chenu huidhinisha hati ya kuagiza vipuri, naye huuliza nini kabla ya kutia sahihi?